Mbuzi wa Hamdia

Mimi nafundisha Dini ya Kikristo na Kiswahili, kwa hivyo usinijie na maswali ya nyani. Mambo ya nyani muulize Hamdia, mwalimu wa Biolojia. Katika shule yetu ya kutwa hapa Isiolo, ratiba hunipa kidato cha nne Jumanne asubuhi niwasomee Mwanzo, na nikitoka tu anaingia yeye na sanduku lake la mifupa. Wanafunzi hucheka. Nilizoea kumwambia mlangoni, "Haya, mimi nimejenga, wewe ingia ubomoe." Naye hunijibu, "Sibomoi, Kagwiria. Nawafungulia mlango waone nyumba ilivyojengwa." Jibu hilo liliniudhi muda mrefu.

Ni Msomali wa hapa hapa mjini, wa zile familia ambazo mababu zao waliletwa na Wazungu kama askari, vita vikaisha, wakabaki na biashara. Baba yake, marehemu Abdiladif, alikuwa na lori la kupeleka sukari Merti na kurudi na mbuzi. Mama yake alikuwa na duka huko huko Merti, na huko ndiko Hamdia alikozaliwa. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba tangu utotoni. Anatembea na fimbo, na ukimpa pole kwa ajili ya huo mguu atakukazia macho mpaka ujutie kufungua mdomo. Nilimpa pole mwezi wa kwanza tulipojuana, na sikurudia.

Tunaishi ploti moja Chechelesi, mimi nyumba ya mwisho, yeye na mama yake nyumba ya mbele. Mama yake ni Halimo, lakini tangu apate mjukuu anataka aitwe Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, na usipomwita hivyo hageuki. Basi hata mimi Mmeru namwita Ayeyo. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mkali, na mikono yake inajua kisu kuliko wanaume wengi wa bucha. Ukisikia mtoto wa Kiislamu amezaliwa Chechelesi, siku ya akika yake, pale anapochinjiwa mbuzi wa shukrani, ni Ayeyo anayeitwa kufungua nyama. Nasema kufungua, sisemi kukata. Kwa desturi yao mifupa ya mbuzi wa akika haivunjwi. Kila kiungo kinafunguliwa kwenye maungio yake, polepole, na nyama ikishaliwa mifupa yote inakusanywa inazikwa. Wanasema hivyo viungo vya mtoto vitakuwa salama.

Sasa kuna jambo ambalo Ayeyo aliniambia siku moja tukichambua maharagwe, akaniapisha nisimwambie Hamdia. Siku ya akika ya Hamdia, huko Merti, mtu aliyekodiwa kuchinja alichelewa. Jua lilikuwa linazama, wageni wana njaa. Yule bwana akashika shoka akapasua mguu wa mbuzi kama anapasua kuni. Ayeyo aliona. Alikuwa bado mke kijana, wageni ni wa mumewe, akanyamaza. Baada ya miezi kadhaa, mtoto aliyekuwa ameanza kusimama akaanguka na homa, na alipoamka mguu haukuwa na nguvu.

"Mimi ndiyo nilivunja huo mguu, Kagwiria," aliniambia. "Nilivunja na mdomo yangu iliyofungwa."

Nilimwambia hiyo ni polio, hata mimi wa dini najua. Akasema ndiyo, daktari alisema polio, lakini polio ilipitia wapi? Ilipitia pale mlango ulipovunjwa. Nikaendelea na maharagwe.

Na lile jambo halikumla yeye peke yake. Hamdia alipomaliza chuo kikuu ilikuja posa, watu wa maana kutoka Kulamawe. Wazee wakanywa chai, kisha mmoja akauliza kwa adabu kama mguu wa namna ile huwa unarithiwa na watoto. Ayeyo, mwenye ulimi wa kumjibu hata chifu, alinyamaza tena. Wageni wakamaliza chai wakaondoka kwa adabu vilevile, na hawakurudi. Hamdia alikuwa chumba cha pili anasikia yote. Alidhani mama yake alinyamaza kwa sababu anamwonea aibu, na tangu hapo wawili hao wakawa wanaishi nyumba moja kwa heshima nyingi mno. Mimi heshima ya namna hiyo naichukia, heri watu wagombane.

Basi mwaka jana Kulmiye, kaka yake Hamdia, akapata mtoto wa kiume baada ya kungoja mpaka watu wakaacha kuuliza. Mtoto akaitwa Abdiwali. Furaha ya Ayeyo huwezi kuieleza. Mbuzi wawili walichinjwa, kwa sababu mtoto wa kiume ni wawili, na Ayeyo alifungua kila kiungo kwa mkono wake. Hakuna aliyeruhusiwa kumshikia hata sahani.

Wakati huohuo Hamdia alikuwa anahangaika na somo lake. Alikuwa amefika mlango wa mageuzi ya viumbe, na chati ya maabara ilikuwa imeliwa na mchwa. Alitaka wanafunzi washike mfupa. Mfupa wa punda alikuwa nao, vijana walimletea kutoka kwa punda aliyekufa na ukame njiani. Popo mkavu alimtoa kwenye dari ya stoo. Mguu wa ngamia alibembeleza kwa watu wa bucha mpaka wakamwekea. Lakini mbuzi, mnyama aliyejaa Isiolo kuliko watu, hakumpata mzima. Buchani mbuzi anakatwakatwa kwa supu, hakuna kiungo kinachobaki na umbo lake. Mifupa mizima ya mbuzi katika mji huu iko mahali pamoja tu, nayo ni gunia la akika.

Alimwomba Kulmiye. Kulmiye ni mtu wa kusema ndiyo kabla hujamaliza kuomba. Akamwambia, "Chukua mguu mmoja wa mbele, abaayo. Hooyo hatajua. Ukimaliza rudisha tuzike kimya kimya." Abaayo ni dada, hooyo ni mama. Na Hamdia, mwanamke mwenye digrii, akakubali. Sikumlaumu wakati huo kwa kuwa sikujua, lakini nilipojua nilimlaumu vizuri sana.

Ayeyo huwa haziki gunia likiwa limefungwa. Alimwaga mifupa kwenye mkeka ili aione yote, akakuta mguu mmoja haupo. Akatafuta ploti nzima. Akalaumu mbwa, akalaumu paka, akamlaumu mpangaji mpya ambaye ni mla nyama kama sisi wote. Hamdia alikuwa anarudi shule, akaona mama yake amepiga magoti anapapasa chini ya tangi la maji, na hakusema neno. Siku chache baadaye Abdiwali akashikwa na kifua na homa. Hospitali wakasema ni homa ya kawaida, wakampa dawa. Lakini Ayeyo aliacha kula. Alikaa ameshika mguu wa kushoto wa mtoto, anaukunja na kuukunjua, anaukunja na kuukunjua. Kulmiye akashindwa kuvumilia akasema ukweli.

Nilikuwa ofisini nasahihisha insha nilipomwona Ayeyo dirishani akiingia geti na gunia tupu begani. Nilitoka mbio.

"Ayeyo, karibu, keti kwanza unywe chai."

"Iko wapi darasa ya Hamdia?"

"Yuko katikati ya somo. Ngoja kengele."

"Kagwiria, mimi nilinyamaza mara ya kwanza, mtoto yangu akaharibika. Nikanyamaza mara ya pili, akakosa bwana. Leo sinyamazi. Akikataa kutoa hiyo mifupa, na huyu mtoto akipata shida ya mguu, wallahi Hamdia si mtoto yangu tena. Ataishi na mifupa yake."

Nikajua hatanii. Nilitembea naye pole pole, nikimwonyesha maua, nikimwonyesha choo kipya, upuuzi mtupu, nikitumaini kengele italia. Haikulia. Tukafika mlango wa maabara ukiwa wazi nusu, na Hamdia ametupa mgongo anaandika ubaoni. Nilimshika Ayeyo mkono. Sijui kwa nini alikubali kusimama. Labda ni kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona binti yake akifundisha.

Mezani mifupa ilikuwa imepangwa kwa mistari, wa mbuzi, wa ngamia, wa punda, na kando yake popo ametandazwa kwenye kadibodi. Hamdia aliinua ule wa mbuzi. Ayeyo alivuta pumzi.

"Juu, mifupa mingapi?"

"Mmoja," darasa likaitikia.

"Kila mtu ashike mkono wake mwenyewe, kati ya bega na kiwiko. Mingapi?"

"Mmoja."

"Kutoka kiwiko kushuka?"

"Miwili."

"Mbona kwa mbuzi naona mmoja?" Akampa msichana wa mbele apitishe ukucha ubavuni mwa mfupa. Yule msichana akasema kuna kamfereji. "Hapo ndipo miwili ilipoungana," Hamdia akasema. "Ngamia naye hivyo hivyo, mtazame. Kisha vijifupa vya kifundo, kisha vidole. Wewe una vitano. Ngamia anakanyagia viwili, mbuzi viwili. Punda anakimbia juu ya kidole kimoja, cha katikati. Lakini geuzeni mfupa wa punda. Mnaona hivi vipande viwili vyembamba pembeni? Havikanyagi chini, havibebi kitu. Popo yeye hakupoteza vidole, amevirefusha akavitandikia ngozi, akaruka. Sasa niambieni, kama punda hana uhusiano na yeyote, ya nini abebe masalia ya vidole asivyotumia?"

Wakaugeuza tena mfupa wa punda. Hata mimi mlangoni nilijikuta nikitazama vidole vyangu, na nina maoni yangu.

"Kwa sababu alivirithi," akasema. "Wote hawa wana babu mmoja wa kale aliyekuwa na vidole vitano. Watoto wa watoto wake wakatawanyika, wengine mchangani, wengine maweni, wengine hewani, na polepole, kizazi baada ya kizazi, mguu ukafuata kazi. Kumbikumbi pia anaruka, sivyo? Pasua bawa lake utafute mfupa. Hakuna hata mmoja. Anafanana na popo kwa kazi tu. Undugu tafuteni ndani."

Hapo ndipo Roba, mvulana mwenye mdomo kuliko darasa zima, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na huo mguu wako? Huo pia ni masalia?"

Nilitaka kuingia nimtoe huyo mtoto kwa sikio. Ayeyo akanishika yeye sasa, na vidole vyake viliniuma.

Hamdia aliegemea fimbo yake. Hakukasirika, na kama alikasirika hakuonyesha. "Uliza vizuri ujibiwe vizuri, Roba. Lakini nitakujibu. Masalia unazaliwa nayo. Mama yako alikuwa nayo, na nyanya yake. Mimi nilizaliwa na miguu miwili kama yako. Nilijifunza kusimama nikishika gunia la sukari dukani kwa mama yangu. Kisha nikapata polio. Ni kirusi, kinaingia kwa maji au chakula kichafu, kinaua neva zinazoamrisha msuli. Msuli usioamrishwa unakonda. Mfupa wangu ni mwembamba, lakini upo wote. Hakuna aliyeuvunja."

Akaugeuza mfupa wa mbuzi mkononi, na sauti yake ikashuka.

"Na hili mtaulizwa kwenye mtihani. Alichokipata mtu maishani, ajali au ugonjwa wa hivi, hakiingii kwenye mbegu yake. Kata mbuzi mikia vizazi kumi, bado watazaa wenye mikia. Mimi ningezaa, mtoto angekuja na miguu ya kukimbilia mpira. Kuna watu waliwahi kuuliza hivyo nyumbani kwetu, na hakuna aliyewajibu."

Ayeyo akaniachia mkono, akasukuma mlango. "Salaam aleikum," akasema, na darasa likajibu huku likisimama. Hamdia alipomwona na lile gunia alijua. Nilimwona akitazama mfupa wa mbuzi, kisha mama yake.

"Hooyo, nitaeleza."

"Ngoja. Ule mwaka, Merti, watoto gani wengine walishikwa?"

"Baba aliniambia tulikuwa watatu. Mimi, mtoto wa fundi wa baiskeli, na mtoto wa Tiya."

"Mtoto ya Tiya," Ayeyo akasema. Akatafuta kiti kwa mkono, bila kuangalia, na msichana mmoja akamsogezea. "Jirani yangu Tiya. Mbuzi ya akika ya huyo mtoto nilifungua mimi. Na hii mikono. Hakuna mfupa ilivunjika, hata moja. Na yeye akalemaa."

Alisema tena, kwa Kisomali, kama anajiambia mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa anayajua mambo yote mawili, mguu wa Hamdia na mguu wa mtoto wa Tiya, na hakuwahi kuyaweka pamoja mezani. Kisha akamwambia Hamdia kila kitu mbele ya kidato cha nne: shoka, jua linalozama, wageni wenye njaa, na kunyamaza kwake. Hamdia alikuwa hajawahi kusikia. Aliuweka mfupa mezani.

"Kwa hivyo siku ya posa ulinyamaza kwa sababu ya hiyo?"

"Ningewaambia nini? Ati ni mimi?"

"Mimi nilidhani unanionea aibu, Hooyo."

"Wewe?" Ayeyo akasema. "Aibu ilikuwa yangu." Kisha jambo lingine likamwingia, nikaliona likimwingia usoni. "Basi ni chanjo. Kama ni ugonjwa, basi ni mimi sikukupeleka chanjo."

Hamdia akazunguka meza bila fimbo, akishikilia viti, akapiga magoti mbele yake, na kwake kupiga magoti ni kazi. "Haikufika. Baba alinisimulia. Mvua ilikata barabara, gari likarudia njiani. Wewe ulikuwa umenivalisha tayari, ukakaa na mimi mlangoni kutwa nzima ukingoja."

"Gauni ya manjano," Ayeyo akasema.

"Sikumbuki rangi."

"Ilikuwa ya manjano."

Mimi si mtu wa kulia mbele ya wanafunzi. Siku hiyo nililia, na Roba aliniona, na mpaka leo ana adabu kwangu kwa sababu anajua nikikumbuka swali lake nitamtafuta.

Usidhani Ayeyo aliacha mifupa. Alifungua gunia akasema, "Hata hivyo, hii ni ya mtoto ya Kulmiye, na ya mtoto inazikwa." Hamdia hakubishana. Alimpa mmoja mmoja, hadi vile vijifupa vya kifundo, na wanafunzi waliokuwa wanachora wakakatizwa michoro yao katikati. Jioni walizika pamoja nyuma ya tangi la maji. Abdiwali alipona kifua chake kabla ya wiki kuisha, kama hospitali walivyosema. Sasa anapanda meza.

Somo la mbuzi likabaki na pengo. Hamdia akawa anaeleza kwa ngamia na punda, na kwa chaki.

Kisha asubuhi moja ya likizo Ayeyo akabisha kwangu. "Kagwiria, niazime sufuria kubwa."

"Nani amezaa?"

"Mimi. Zamani."

Alikuwa amemuuliza shekhe, na shekhe akasema mtu mzima kufanyiwa akika tena hakuna ubaya. Mbuzi mmoja, kwa kuwa mtoto ni wa kike. Ploti nzima ilicheka. Nilimuuliza Hamdia kama atanyolewa nywele kama mtoto mchanga, akaniambia nithubutu kuleta wembe nione. Lakini Ayeyo alipokaa na kisu chake hakuna aliyecheka. Alifungua mbuzi yule kutwa, kiungo kwa kiungo. Wageni waliona njaa, jua likazama, na safari hii aliwaambia wangoje. Wakangoja. Hamdia alikaa kando yake kwenye kigoda, amenyoosha mguu wake mwembamba mkekani, wala hakuufunika.

Shule zilipofunguliwa, Ayeyo alikuja darasani Jumanne, saa ya Hamdia, na mfuko wa unga uliojaa mifupa iliyochemshwa ikawa myeupe. Mimi nilikuwa namaliza Mwanzo. Sikutoka, nilijibanza nyuma.

"Hii haizikwi," aliwaambia wanafunzi. "Mwenyewe ni mkubwa, yuko hapo mbele, ameruhusu. Someni."

Akaenda kukaa benchi la mwisho karibu yangu. Hamdia aliinua mfupa wa mguu wa mbele, akaanza, "Juu, mingapi?" lakini akaugeukia ubao kidogo. Kisha akaupitisha mfupa darasani, kila mtu aupapase kutafuta ule mfereji. Ulipita mkono kwa mkono mpaka ukafika kwa Ayeyo. Hakutafuta mfereji. Alipitisha kidole gumba kutoka ncha hadi ncha, upande mmoja, akaugeuza, upande wa pili.

"Mzima," akasema, na akanipa mimi.